Wizi Usio na Mwenyewe

Maandiko: Mithali 10:23, Amosi 8:4–6, Luka 19:1–10

Mama mmoja wa kwaya alinionyesha simu ya kijana wake. "Pasta, hebu angalia. Huyu anaiba mchana kutwa, na anacheka." Kijana akajibu haraka, "Si ni gemu tu, pasta?"

Gemu yenyewe inaitwa Torn. Ilianza Uingereza mwaka 2004, inachezwa kwenye intaneti, na karibu yote ni maandishi. Unaingia mjini ukiwa maskini. Unaanza kwa kutafuta pesa zilizodondoka, unauza nakala za magendo, unaiba dukani, halafu unachomoa watu mifukoni. Kila uhalifu unakula ujasiri wako, nao unarudi polepole, ukingoja. Ukishikwa, unakaa ndani kwa muda tu, na rafiki anaweza kukutoa.

Kuna wahubiri wangesema ni pepo na kufunga somo hapo. Mimi sisemi hivyo. Kwa kubonyeza simu kijana huyo hajamwibia mtu hata ndururu. Lakini nilisoma biashara, na huko tulifundishwa mapema kwamba kila shilingi inaandikwa mara mbili: ikiingia hapa, imetoka mahali. Gemu hii inaandika upande mmoja. Unachomoa mfuko, pesa zinapanda, kwisha. Aliyechomolewa hana jina, hana watoto, na wala hakuna nauli ya Kamukuywa iliyopotea. Ndiyo maana inachekesha. Sulemani anamtaja mtu ambaye kwake uovu ni burudani, na hamwiti katili, anamwita mpumbavu. Ni mtu aliyesoma nusu ya daftari.

Sasa wazazi, msiwacheke vijana. Wengi wetu hatuna Torn kwenye simu, lakini sokoni tunaicheza. Gorogoro imebonyezwa kitako, mahindi yanajaa mapema. Boda boda akiona mgeni ameshuka usiku, shilingi 50 inakuwa 100. Tunaita ujanja. Ukimuuliza mtu huyo amemwibia nani, atashangaa kweli kweli, maana hamwoni.

Amosi aliwaona hao hao. Walingoja sabato iishe ili wafungue biashara, wapunguze kipimo na kupandisha bei. Ona, ibada walikuja! Mwili ulikuwa ibadani, akili iko kwenye gorogoro.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko gemu yenyewe. Kwa simu, kushikwa ni kungoja kidogo. Huku kwetu kijana akishikwa na simu ya mtu, mnajua mawe yanavyookotwa na tairi linavyotafutwa. Umati nao unaandika upande mmoja: simu imepotea, mwizi ni huyu, maliza. Hakuna anayeandika kwamba huyu pia ana mama, labda mama wa kwaya. Na wengine wanaokimbilia mawe ni watu wetu, Jumapili wanainua mikono hapa. Simu inanunuliwa nyingine. Kijana je? Ukifika mahali kama hapo, piga simu polisi, simama katikati kama unaweza, na usiongeze jiwe lako.

Zakayo alikuwa mtu wa hesabu, mkubwa wa watoza ushuru. Yesu alipoingia nyumbani kwake, hakuishia kusema ameokoka. Alitoa nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara 4. Hapo lazima ukae chini ukumbuke: ilikuwa ng'ombe wa nani? Ushuru wa mjane yupi? Aliurudia ule upande wa daftari alioacha wazi miaka yote, na watu wakaanza kuwa na majina.

Wiki hii kwenye ushirika wa nyumbani kila mtu aje na karatasi. Kushoto andika faida ndogo uliyopata kwa ujanja. Kulia, jina la aliyeitoa. Kama hulijui, andika alivyovaa au mahali mlipokutana. Vijana, njooni na simu zenu, mtuonyeshe hiyo gemu. Wenye gorogoro njooni nazo. Mimi nitabeba mizani.