Dondoo Muhimu: Amana ya Siri za Wagonjwa

Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, hata magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine na miadi kwa maelfu ikafutwa, ilhali dawa yake, yaani sasisho la programu lililotolewa na Microsoft mwezi Machi, ilikuwa imekwishapatikana. Basi wewe uliyekabidhiwa amana ya siri za wagonjwa, usiyaahirishe masasisho pasipo udhuru wa haki.

Nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe kila siku mahali pasipounganishwa na mtandao, maana kirusi huifuata nakala iliyo karibu. Kisha, na hili ndilo aghalabu husahauliwa, ijaribiwe kurejeshwa, kwani nakala isiyopata kujaribiwa haina itibari. Nywila ni ya mtu mmoja: muuguzi asimwazime tabibu, wala tabibu asimwazime karani, ili ijulikane nani amelifungua jalada la nani. Ukiondoka mezani, funga skrini. Na fomu za karatasi ziwe tayari wodini, ili kompyuta zikizimika matibabu yasisimame.