Madini Yanavyosimulia Historia ya Maji Yucca Mountain

SWALI: Taka za nyuklia zikizikwa ardhini, wataalamu hujuaje kama maji hayatazifikia baada ya maelfu ya miaka?

JIBU: Huchunguza madini yaliyoachwa na maji ya kale ndani ya miamba. Mfano ni Yucca Mountain, jimboni Nevada, Marekani, ambako taka zilipangwa kuwekwa kama mita 300 chini ya ardhi, juu sana ya usawa wa maji ya ardhini.

Mwaka 1989 mwanajiolojia Jerry Szymanski alizua mjadala mkali. Alidai kuwa madini ya kalisaiti na opali yaliyomo kwenye nyufa za miamba hiyo yaliletwa na maji moto yaliyopanda kutoka chini. Kama maji hayo yalipanda zamani, yangeweza kupanda tena.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, walipima vitone vya maji vilivyonaswa ndani ya kalisaiti. Kweli, vingi vilinaswa vikiwa na nyuzijoto 45 hadi 60. Lakini umri wa opali iliyo pamoja na kalisaiti hiyo, unaokokotolewa kutokana na urani inayogeuka kuwa risasi, ulionyesha kuwa joto hilo lilikwisha zaidi ya miaka milioni 1.9 iliyopita.

Tena, madini hayo yametanda zaidi sakafuni mwa matundu ya mwamba kuliko darini, dalili ya maji ya mvua yaliyochuruzika kutoka juu.