Somo kwa Wanakwaya: Kila Sauti na Chaneli Yake

Somo letu ni kwa vijana wanaokaa kwenye kompyuta wakati kwaya inarekodi. Kigali ni mji wa kwaya. Nyimbo za Kiswahili za Ambassadors of Christ wa Remera zimefika mbali sana. Lakini sisi tuna sababu yetu ya kujifunza kazi hii. Kwaya zetu hazikai pamoja muda mrefu. Kambi ya Gihembe ilipofungwa mwaka 2021, familia nyingi zilihamishiwa Mahama, na wengine wamepata safari ya Marekani au Canada. Mtu akishapanda ndege, hamwezi kumwita aje kurudia ubeti. Kwa hiyo sauti yake irekodiwe peke yake, isichanganywe na za wengine tangu mwanzo.

Shida tunayoiona mara nyingi ni hii: maiki nane zimechomekwa kwenye kifaa cha sauti, taa zinawaka, lakini programu inaonyesha chaneli mbili tu. Msikimbilie kusema kifaa kimekufa. Angalieni draiva, yaani programu ndogo inayounganisha kompyuta na kifaa. Draiva za kawaida za Windows mara nyingi hugawa chaneli jozi jozi, 1 na 2, 3 na 4, mpaka 7 na 8, kana kwamba ni vifaa vinne. Mkichagua jozi moja, nyingine hazisikiki. Draiva ya ASIO, mfumo uliotolewa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, huzileta zote kwa pamoja. Wekeni ile ya mtengenezaji wa kifaa chenyewe; kama hakuna, jaribuni ASIO4ALL. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya programu, chagueni ASIO, na fungueni chaneli 1 hadi 8. Audacity inapendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini kwa miaka mingi imetolewa bila ASIO kwa sababu ya leseni. Reaper inayo.

Sasa makundi. Kila maiki ipewe mstari wake wa mono. Mkichagua stereo 1 na 2, sauti ya kwanza itasikika sikio la kushoto na ya pili sikio la kulia, jambo linalochosha sana. Mistari yote ya sauti ya kwanza ifungwe kundi moja, ya pili kundi lingine, hivyo hivyo mpaka besi. Mkitaka kupandisha kundi, mnasogeza kitufe kimoja.

Bado bafa, kiasi cha sauti ambacho kompyuta hushika kabla ya kuipitisha. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 256 ni kama milisekunde 5, na ya 1024 ni kama 21. Ikiwa kubwa, mwimbaji hujisikia amechelewa kwenye hedifoni. Ikiwa ndogo mno, kompyuta nzee hutoa mikwaruzo. Anzeni na 256, mkisikia mikwaruzo pandisheni 512.

Mkimaliza, nakilini folda nzima kwenye flashi mbili, si wimbo uliochanganywa tu. Flashi moja ikae kwa mwalimu wa kwaya, nyingine nyumba tofauti.