Je, Mashine Yaweza Kuwa na Roho na Imani?

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wazazi wa mtaa wetu wa Khuwair ya Kusini, na ndugu zetu wengine wa Ghuba, huulizwa na watoto wao: mashine hii inayojibu kila swali, je, i hai? Na ikitamka shahada, huwa Mwislamu? Swali hili si la kuchekwa. Mwezi wa Oktoba 2017 ilitangazwa mjini Riyadh kuwa roboti iitwayo Sophia imepewa uraia wa Saudi Arabia. Na mwaka 2022 Blake Lemoine, mhandisi wa Google huko Marekani, alidai kuwa programu ya LaMDA ina hisia na nafsi. Kampuni ikakanusha, kisha ikamwachisha kazi.

Kwanza: Uhai. Roho ni katika amri ya Mola, kama tunavyofunzwa katika Suratul Israa, aya ya 85. Nabii Isa (A.S.) alifinyanga udongo kwa umbo la ndege, ukawa ndege kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, si kwa ufundi wa mikono. Ama mashine hii, imelishwa maandishi mengi mno ya watu, nayo hukadiria neno gani lifuate lililotangulia. Hivyo huweza kusema "naogopa" pasi na moyo wa kuogopa.

Pili: Imani. Kwetu sisi Maibadhi, imani ni kauli, itikadi na vitendo. Mashine ina kauli tu. Haina nia, wala haichagui baina ya kutii na kuasi. Taklifu humwajibikia mwenye akili aliyebaleghe. Mbele ya kadhi karatasi husomwa, lakini haiapishwi. Anayeapishwa ni mtu. Na akisema msemaji: si kila kitu humsabihi Mola? Tutajibu: naam, na mashine imo humo pamoja na jiwe na chuma, lakini hiyo si imani ya mwenye kuhesabiwa Siku ya Kiyama.

Tatu: Hadhari. Ndama wa Samiri alitoa sauti tu, wala hakuweza kumjibu mtu, na bado watu walipotea. Mashine ya leo hujibu, kwa hiyo fitina yake ni kubwa zaidi. Lakini dhara na manufaa hayamo katika milki yake. Mwaka 2019 Dubai ilianzisha huduma ya fatwa kwa akili bandia. Chombo cha namna hiyo ni mfano wa kitabu: hufaa kwa kadiri ya elimu iliyotiwa ndani yake. Lakini mume aliyetamka talaka hana budi kuulizwa: ulisema nini hasa, mara ngapi, na eda imekwisha au bado? Akitosheka na jibu la mashine, nalo likawa la makosa, huenda akaishi na mkewe katika haramu; na mashine haitasimama mbele ya Mola kujibu kwa niaba yake.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto watumie chombo hiki kama wanavyotumia kamusi, na dini yao waichukue kwa mwanachuoni amchaye Mungu.

Wallahu aalam, wabillahi taufiq.