Paka wa Jirani Akihamia Kwako

Somo letu leo ni juu ya mnyama mdogo. Labda yuko chini ya meza yako sasa hivi. Soma polepole, kisha uwasomee na watu wa nyumbani.

1. Namna anavyokuja

Paka hapigi hodi. Siku ya kwanza unamwona mbali, chini ya mwembe, ameketi anakutazama. Ukimkaribia anakimbia. Baada ya juma moja amefika mlangoni pa jiko wakati wa jioni, maana amesikia harufu ya samaki. Mtoto wako anamtupia kichwa cha samaki. Kesho yake anarudi saa ile ile. Halafu mvua inanyesha usiku, naye analala karibu na mafiga, penye majivu ya moto. Mwisho, asubuhi moja unamkuta kitandani, miguuni pa watoto, anakoroma kama mwenye nyumba. Hukumwita wala hukumnunua. Lakini watoto wamekwisha kumpa jina, na jina hilo si lile analoitwa kwa jirani.

Usishangae. Ndivyo babu zake walivyofanya zamani. Paka wa nyumbani alitoka katika paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Wenye elimu wanafikiri ya kuwa watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Hakuna aliyewafunga kamba. Katika kisiwa cha Kipro wachimbaji walikuta kaburi la mtu lenye miaka 9,500 hivi, na karibu naye alizikwa paka. Basi urafiki huu ni wa zamani sana.

2. Faida yake

Paka hukamata panya, nao panya ni adui. Wanakula mahindi na mihogo mikavu, wanakojolea chakula, hata kumwuma mtoto aliyelala. Tena wanaweza kuleta tauni. Katika milima ya Ituri, kama vile upande wa Rethy, ugonjwa huu umeonekana mara nyingi. Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin alikuta kijidudu chake, na mwaka 1898 daktari Paul-Louis Simond alionyesha ya kuwa viroboto wa panya ndio wanaokipeleka kwa watu.

Lakini paka si dawa ya tauni. Akila panya mgonjwa, yeye mwenyewe anaweza kuugua, na viroboto wanaweza kupanda juu yake na kuingia kitandani mwako. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu, usiwashike kwa mikono. Mtoe paka mahali pa kulala, ukawape habari watu wa kituo cha afya siku ile ile. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu katika kinena au kwapani, apelekwe upesi. Tauni ina dawa, lakini haingoji.

3. Mnyama wa nyumba mbili

Sasa tunafika penye hatari kubwa. Jirani anasema moyoni, "Paka yule amehama, anakula kwao siku hizi." Wewe unasema, "Paka si wangu, ni wa jirani." Siku ya kuchanja mbwa na paka inafika. Jirani hampeleki, nawe humpeleki. Basi paka ana sahani mbili, lakini hana mwenyewe.

Kuna ugonjwa unaoitwa kichaa cha mbwa. Jina hili linadanganya watu wengi, maana paka pia anaupata, akiumwa na mbwa au mnyama mwingine mwenye ugonjwa. Kisha anaupeleka kwa mtu kwa mate yake: kwa kuuma, kwa kukwaruza, au kwa kulamba kidonda. Ugonjwa unapita polepole katika mishipa ya fahamu hata kufika katika ubongo. Mara nyingi dalili huonekana baada ya mwezi mmoja hata mitatu, na pengine baada ya mwaka. Jeraha limekwisha kupona, mtu amesahau. Dalili zikianza, karibu kila mtu hufa, na hakuna hospitali yenye dawa ya kumponya.

Lakini sikiliza vema: kabla ya dalili, ugonjwa huu unaweza kuzuiwa. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi. Chanjo ya leo ni bora kuliko ile. Basi anayekufa kwa kichaa mara nyingi ni yule aliyechelewa, au aliyeficha.

Angalia dalili za paka mgonjwa. Paka mpole anakuwa mkali bila sababu. Au paka mkali anakuwa mpole ajabu, anakuja kwa wageni. Anajificha gizani, sauti yake inabadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, miguu yake inalegea. Usimshike. Waondoe watoto, mfungie mahali kama unaweza bila kuumwa, kisha mwite daktari wa wanyama.

4. Paka akikuuma au kukukwaruza

Kwanza: Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, muda wa dakika 15. Usione ya kuwa ni muda mrefu. Kazi hii inaondoa sehemu kubwa ya sumu ya ugonjwa.

Pili: Usiweke majivu, wala pilipili, wala mavi ya ng'ombe, wala maji ya betri. Usifunge jiwe jeusi juu ya jeraha ukidhani litavuta ugonjwa. Halivuti kitu. Linakupotezea siku.

Tatu: Nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Juu unaona tundu dogo, lakini ndani uchafu umeingia sana, na mkono unaweza kuvimba kabla ya kesho.

Nne: Daktari akisema uchanjwe, rudi kila siku aliyokuandikia. Sindano ya kwanza hutolewa siku ile, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na pengine nyingine tena baadaye. Usiache katikati kwa sababu unajisikia vizuri.

Tano: Usimwue paka aliyeuma kama anaweza kufungwa salama. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini wewe usingoje siku 10 ndipo uende hospitali. Enda kwanza.

5. Usafi wa kila siku

Mavi ya paka yanaweza kuwa na kijidudu kinachoitwa toksoplasma. Kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mwenye mimba asisafishe mavi ya paka. Mwingine ayaondoe kila siku na kuyafukia mbali na bustani ya mboga, maana kijidudu hiki kinahitaji siku moja au zaidi nje kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Mama anawe mikono akitoka kulima, aoshe mboga, na nyama ipikwe hata kuiva kabisa, maana kijidudu hiki kinapatikana katika nyama mbichi pia.

Paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya anaweza kuwapa watoto choa. Funika chakula na maji ya kunywa. Paka asilale na mtoto mchanga. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

6. Nenda kwa jirani

Dawa ya mwanzo haiko hospitali. Iko kwa jirani yako. Wengi hawaendi kwake kwa sababu ya haya. Wewe unaogopa kuitwa mwizi wa paka. Yeye anaogopa ya kuwa, paka akimwuma mtoto wako, utadai fidia. Basi mtoto anaumwa, naye anaficha ili asichapwe. Jirani anapata habari, anamwua paka usiku na kumtupa mtoni. Sasa hakuna mnyama wa kuangaliwa, hakuna aliyekwenda hospitali, na nyumba mbili zimenyamaza. Haya kidogo yanaweza kumwua mtoto.

Afadhali uende jioni moja, uketi, useme hivi: "Mama, paka wako amezoea kwetu. Sikumfungia, wala simkatai. Tufanyeje naye?" Kisha mpatane juu ya mambo matatu:

(a) Nani atampeleka kuchanjwa. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, na tena baada ya mwaka. Karatasi ya chanjo iwekwe mahali ambapo nyumba zote mbili zinapajua.

(b) Nyumba moja isitege sumu ya panya bila kuwaambia wengine. Paka akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa. Tena sumu ni hatari kwa watoto wa nyumba zote mbili.

(c) Akimwuma mtu, nyumba zote mbili zijulishwe siku ile ile, bila fimbo kwa mtoto na bila ugomvi kwa jirani. Kwanza maji na sabuni, kisha hospitali. Maneno mengine yatangoja.

Mkikubaliana hivi, paka na aende anapopenda. Ale huku, alale kule. Panya watapungua katika nyumba mbili, na watoto watakuwa salama katika nyumba mbili. Paka mwenyewe hatajua mmesema nini. Wakati ule atakuwa amelala karibu na mafiga.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Je, yuko paka anayekula kwako na kwa mtu mwingine? Nani alimchanja, na lini?
2. Utaosha jeraha la kuumwa muda gani, na kwa nini?
3. Kwa nini si vema kumwua paka aliyeuma kama anaweza kufungwa?
4. Mtoto wako akiumwa leo, je, atathubutu kukuambia?