Begi la Stendi za Maiki: Kwanza Niambie Nani Anabeba



Leo namjibu mdogo wangu wa Morogoro, anayeimba na bendi ya maharusi. Bendi imepata stendi sita mpya za maiki, pesa kidogo imebaki, na sasa ndani kuna mvutano. Mpiga besi anataka begi moja kubwa lenye magurudumu, fundi mitambo anataka sanduku la mbao lenye kona za chuma, na mweka hazina anasema zifungwe kamba tu, maisha yaendelee. Mdogo wangu anataka niamue.

Nitaamua, ila nami nina swali. Saa nane za usiku shoo ikiisha, nani anazibeba hizo stendi mpaka kwenye gari? Na gari lenyewe ni lipi? Ukinijibu hayo mawili, begi litajichagua. Wengi huanza kwa kununua begi, ndipo waanze kutafuta mtu wa kulibeba.

Tupige hesabu kidogo. Stendi imara ya miguu mitatu yenye mkono, tuseme ile K&M 210/9 inayotengenezwa Ujerumani, ina kilo tatu na ushei. Sita zinakaribia kilo 20. Ongeza begi lenyewe, klipu na vikorokoro vyote mtakavyosweka humo kwa kuwa mmeona nafasi, na hapo mna karibu nusu mfuko wa saruji, wenye urefu wa mita moja, wa kupitisha kwenye ngazi za ukumbi katikati ya wageni waliovaa nguo za watu. Anayebeba atachoka, na aliyechoka hasogezi mzigo polepole, anautupa.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni mabegi mawili ya stendi tatu tatu. Watu wawili wanabeba, kila mmoja na begi lake, mkono wa pili ukibaki huru kushika mlango au simu yenye tochi. Begi moja likisahaulika ukumbini, shoo ya kesho bado inapigika. Tena begi jepesi haling'oi zipu wala mishikio, maana mabegi mengi hayafi kwa kuzeeka, yanakufa kwa kuzidiwa.

Sasa nikwambie stendi inaharibikia wapi, kwa sababu kuanguka jukwaani si adui yake mkubwa. Adui ni safari. Zikilaliana bila kitu katikati, mguu wa moja unasugua bomba la mwenzake njia nzima. Rangi inatoka, chuma kinabaki uchi, na lile bomba la ndani linalopanda na kushuka likishapata mchubuko halitelezi tena sawasawa. Mtikisiko wa barabara mbovu unalegeza skrubu. Kile kipande cha plastiki kinachoshika miguu mitatu kikikandamizwa na spika kinapasuka ufa mwembamba usiouona, mpaka siku bibi harusi anapoegemea stendi kutoa shukrani. Na pale mkono unapokutana na nguzo kuna kibano kinachoshikilia uzito wa maiki. Kikipigwapigwa na kuingia mchanga, maiki inaanza kuinama yenyewe katikati ya ubeti. Lawama zote zinaenda kwa aliyeuza stendi.

Basi kitu cha kwanza kutazama ndani ya begi ni vyumba. Kila stendi iwe na chumba chake, au angalau ukuta wa kitambaa kinene kati ya moja na nyingine. Ukilikuta begi zuri halina vyumba, usilikatae. Kata kitenge kikuukuu, shona mifuko mirefu kama soksi, kila stendi ivae ya kwake kabla ya kuingia. Kazi ya mchana mmoja kwa mwenye cherehani, na mifuko inafulika.

Cha pili ni urefu. Kunja stendi, laza mkono sambamba na nguzo, upime kutoka ncha hadi ncha. Ongeza sentimita tano, basi. Madukani utakuta mabegi yaliyoandikwa kuwa ni ya stendi, kumbe yalikusudiwa stendi za spika au taa, marefu kupita haja. Humo stendi zako zitakuwa zinakwenda na kurudi kila dereva anapokanyaga breki, zikigonga mwisho wa begi mpaka zitoke. Begi fupi nalo ni balaa, maana zipu inavutwa kwa nguvu kila siku na meno ya pembeni yanaanza kuachia. Ndiyo maana sipendi kununua begi hili kwa picha ya mtandaoni. Utauziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda dukani na stendi yako mkononi, watu wakushangae, ukaijaribishe humo.

Na tena, si lazima duka. Nenda kwa fundi turubai. Wale wanaoshona mahema ya sherehe na turubai za malori wana mashine nzito na sindano nene, na begi la stendi kwao ni mchezo. Dar es Salaam utawapata, Morogoro hamkosi, na mafundi wa viti vya magari nao wanaiweza kazi hii. Mpelekee stendi moja, usimpelekee vipimo vya mdomo. Kisha mwambie hivi: zipu namba 10, yenye meno makubwa ya plastiki, inayofunguka urefu wote wa begi na siyo mdomoni tu. Uzi wa nailoni. Wa pamba utaoza. Mikanda ya mishikio isishonewe juu ya begi ikaishia hapo, ipite chini ya begi lote na kurudi upande wa pili, ili uzito ukae kwenye mkanda badala ya kukaa kwenye mshono. Kila pale mkanda unapokutana na turubai ashone mraba wenye msalaba ndani. Pande mbili za mwisho, ambako miguu ya stendi inachoma, aweke tabaka la mpira wa tyubu ya tairi. Ndani ya hapo gundisha kipande cha ndala iliyokatika. Najua mnacheka. Ule mpira mwepesi wa ndala unameza mshindo vizuri sana, na hauna gharama.

Mwombe pia mfuko mdogo wa nje wenye zipu yake. Huo ni wa klipu za maiki na adapta. Klipu itoke kwenye stendi kabla ya stendi kuingia begini, kila mara, bila uvivu, kwa sababu shingo yake ndiyo inayovunjika mwanzo. Adapta ni kile kipete kidogo cha chuma cha kichwani. Skrubu za stendi zina vipimo viwili, inchi 3/8 ambayo imeenea Ulaya na inchi 5/8 ambayo ni ya Kimarekani, na klipu ya kipimo kimoja haiingii kwenye stendi ya kipimo kingine bila hicho kipete. Kinadondoka, kinabiringika chini ya jukwaa, na ukumbi mzima hakuna mwenye kingine. Weka vya akiba. Maiki zenyewe zisikae kwenye begi la stendi hata siku moja, hata kama ni za bei ndogo.

Wenye mfuko mwembamba zaidi, pitieni mitumba. Mabegi ya gofu huwa yanatokea, na fimbo za gofu zina urefu unaokaribiana na stendi iliyokunjwa, hivyo lile la kusafiria, lenye kifuniko cha juu, linakufaa kabisa. Mabegi ya vyuma vya dramu ni bora zaidi ukiyapata. Ila ukikutana na begi refu, imara, la bei ya kutupa, lenye rangi ya mabakamabaka ya kijeshi, liache palepale. Kwetu raia kuonekana na vitu vya aina hiyo ni kesi, na hakuna polisi atakayetaka kusikia kwamba ndani mna stendi za maiki.

Tuje kwenye usafiri. Bendi yenye Noah au kirikuu haina shida kubwa: begi laini linalala sakafuni kwanza, spika zinasimama pembeni yake, si juu yake. Kwenye bajaji, begi la stendi tatu linasimama miguuni mwa abiria na kuegemea kiti. Bodaboda siipendi kwa stendi. Kama huna namna, chukua stendi moja kwenye begi lake lenye mikanda miwili ya mgongoni, ikae wima. Usiilaze kukingama njia. Ule upana utakutana na kioo cha gari la mtu. Wa daladala, patana na konda kabla hujapandisha, kwa sababu ukishapanda bei ya mzigo ni yake.

Basi la mkoani ni jambo jingine. Kwenye buti kuna magunia, kuna ndoo za samaki zinazochuruzika, na wapakiaji hawana muda wa kusoma ulichoandika kwenye begi. Hapo turubai la plastiki lina thamani kuliko kitambaa chochote kizuri cha dukani. Ingiza mzigo wa mwisho kama unaweza, au uombe ulale pembeni ukutani mwa buti. Na stendi ikae na nguzo imeshushwa yote, vibano vimekazwa kiasi cha kutocheza tu. Ukikaza kwa nguvu zako zote unamaliza uzi wa skrubu wewe mwenyewe, kabla basi halijakusaidia.

Ndege inadai hesabu. Mashirika mengi makubwa yanakupa kilo 23 kwa mzigo mmoja wa daraja la kawaida, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi la sentimita 105 kwa 30 kwa 25 linafika 160. Mmeona? Sentimita mbili zinaweza kuwalipisha. Begi la stendi tatu, la 105 kwa 25 kwa 20, linapita likiwa na nafasi. Zile ndege ndogo za kwenda visiwani na mbugani ndizo kali zaidi, mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, na zinataka mizigo laini inayobonyea. Sanduku gumu litabaki uwanjani. Lakini kabla ya yote hayo, uliza mwenyeji. Tamasha kubwa, kama Sauti za Busara la Zanzibar lililoanza 2004, huwa na jukwaa lililokamilika. Kusafirisha stendi kwenda mahali palipo na stendi ni kujitesa.

Sanduku la mbao sijalisahau. Lina heshima yake. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, wanaweza kukuchongea la plaiwudi ya milimita 9, na Nairobi mafundi wa Kamukunji wanaofua masanduku ya bati ya wanafunzi hawatashindwa na urefu wa mita moja. Ila sanduku la stendi sita, tupu, lenye kona za chuma na makufuli, linaweza kufika kilo 15. Ukiweka stendi, mnabeba watu wawili na bado mnapumzika njiani. Linamfaa anayekodisha mitambo, mwenye lori na vijana wa kupakia, ambaye sanduku lake litawekewa spika juu mara mia. Bendi ya maharusi ya Morogoro haipo huko bado. Magurudumu nayo ni mazuri kwenye vigae vya hoteli. Kwenye changarawe na mchanga unabeba stendi na magurudumu pia.

Wale wa taarabu, ninyi mna nafuu. Wapigaji wenu wamekaa, kanuni na udi vinataka stendi fupi, na fupi nyingi zikikunjwa zinaingia kwenye sanduku la nguo la kawaida. Zifungeni taulo tu. Waimbaji wanaopenda stendi ya kitako cha duara wafungue kitako kwenye nguzo. Kile ni chuma kizito, kikae kwenye mfuko wake, kisichanganywe na zile nyembamba. Kikiteleza humo kitazipinda.

Nanyi wa Tanga, Mombasa na Unguja mnajua chumvi inavyokula chuma. Turubai la plastiki linazuia mvua isiingie, lakini jasho na bia zilizomwagikia stendi nazo halizitoi. Mwambie fundi aache matundu mawili kila upande, yenye pete. Usiku ule ule mkifika, hata kama mmechoka, fungueni zipu. Asubuhi futeni mabomba kwa kitambaa kikavu, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni ndani ya begi.

Mwisho ni alama. Stendi karibu zote duniani ni nyeusi, na zikikutana bendi tatu kwenye ukumbi mmoja hakuna atakayejua ipi ya nani. Nunueni utepe wa umeme wa rangi moja isiyopendwa na wengi, mzungushie kila nguzo chini ya kibano, na kipande cha rangi hiyo hiyo kwenye mshikio wa begi. Ndani ya begi, kwa kalamu isiyofutika, andika namba ya simu ya bendi na idadi: stendi 3, klipu 3, adapta 4. Anayefunga zipu ndiye anayehesabu. Na yule fundi turubai, mlipe nusu kwanza, na nusu iliyobaki baada ya kuingiza stendi zote tatu, kulinyanyua begi na kulitikisa mbele yake.