Shahada ya uuguzi na woga wa wodini

SWALI: Nipo mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi hapa Tanzania. Darasani nafaulu, lakini wodini wenzangu wa stashahada wananipita kwa wepesi wa mikono. Je, nitakuwa tayari nikihitimu?

JIBU: Ndiyo, ukianza sasa. Baada ya miaka 4 ya chuo unakusubiri mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na huwezi kuhudumia wagonjwa kwa kujitegemea bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wepesi unaouona kwa wenzako umetokana na kurudiarudia kazi, si kipaji.

Shika mambo matatu. Kwanza, hesabu za dozi. Dawa ya gramu 1 ikiyeyushwa kupata mililita 10, na mgonjwa ameandikiwa miligramu 750, unavuta mililita 7.5. Jibu hilo likutoke bila kusitasita, kisha mwombe mwenzako alihakiki. Pili, patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia ya uzazi kila saa 4, na ujue mchoro huo unakwambia nini, si kuujaza tu. Tatu, makabidhiano ya zamu. Omba kuripoti mgonjwa mmoja kila siku mbele ya msimamizi wako.

Usisaini kitabu cha mazoezi kwa kazi uliyoitazama tu. Saini ya uongo leo ni hatari kwa mgonjwa kesho.